Vikombe Vilivyokwenda Harusini

Kila nikifungua kabati hili, harufu ya karafuu hunirudisha Kariakoo, chumbani kwa mama. Baba alikuwa kuli bandarini. Kila akipata nafasi alimletea mama kikombe kimoja cha kaure, chenye maua ya waridi au ukingo wa dhahabu. Hakuna aliyevinywea. Tulivitazama tu nyuma ya kioo cha kabati hili.

Baba alipofariki, mama akakaa eda, hatoki nje. Siku moja jirani akaja kuviazima kwa harusi ya bintiye. Mama angekataaje? Lakini vilipoondoka hakutulia. Anakaa, anainuka, anachungulia dirishani.

"Hebu kaviangalie, mwanangu."

Nikaenda mbio, nikarudi. "Vipo, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

"Nenda tena."

Jioni sinia la vikombe likarudi. Akaviosha kimoja kimoja, akiviinua kwenye mwanga mpaka vidole vyake vikaonekana upande wa pili. Hakuna kilichopata hata ufa, ila bado alihangaika na kitambaa mkononi.

"Walikupa chai?"

"Walinipa. Kwenye kile cha waridi."

Akakigeuza kile kikombe, hanitazami.

"Hivi chai ya humu inakuwaje?"