Nilimvua Mama Mkwe Viatu Ili Nipate Shahada

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo ili mtu asinitafutie visingizio. Sikulewa, sikurogwa, sikushauriwa na mtu mbaya. Nilikuwa na akili zangu timamu na kamera mkononi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, hajatimiza miaka miwili. Nilimaliza sekondari, nikaolewa, nikapata kazi katika studio ya Mhindi mmoja hapa Nakuru. Kazi yenyewe ni kukata picha za pasi, vile vitambulisho vya serikali. Tangu hii Hali ya Hatari ianze, watu wanapanga foleni kupigwa picha ambazo hawazitaki. Nyuso mia kwa siku, hakuna hata moja inayocheka! Nikajiambia, lazima kuna namna nyingine ya kumpiga mtu picha.

Basi mwalimu wangu wa zamani, memsahibu mmoja mzee wa Kizungu, akanionyesha karatasi za chuo cha Amerika. Wanafundisha kuandika habari kwa picha, kazi ya magazeti, miaka minne, na mwisho unapewa shahada kama daktari au wakili. Nilidhani ananitania. Shahada ya kupiga picha! Lakini ilikuwa kweli. Walitaka picha kumi zinazoeleza habari moja, na chini ya kila picha maelezo.

Mume wangu ni karani wa reli, yuko mbali. Aliandika, "Ukipata, nenda. Mtoto atabaki na Mama." Na Mama akakubali. Naomba mlishike hilo: mama mkwe wangu, ambaye hajui kusoma hata jina lake, alikubali kunilelea mtoto miaka minne ili mimi nikasome. Wangapi wana mkwe kama huyo?

Wazee wanaishi upande wa Njoro, kwenye shamba la ngano la mzungu. Baba mkwe ndiye dereva wa trekta. Nikamwambia Mama nitakuja Jumamosi kumpiga picha. Akatoka na gauni la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vyake vyeusi vya ngozi. Viatu hivyo, jamani! Ndivyo vya kwanza maishani mwake. Akienda kanisani huvibeba mkononi njia nzima, akifika langoni anapangusa miguu kwa majani, ndipo anavaa. Siku hiyo alivivaa kutoka mlangoni mpaka kwenye ua, bila kuvibeba. Kwa ajili yangu.

Nikamtazama kwenye kioo cha kamera, nikaona picha ya kawaida. Mama aliyeshiba, aliyevaa vizuri. Nikawaza, Wamarekani watalia kwa sababu gani?

Nikasema, "Mama, vua viatu."

"Kwa nini?"

"Vinang'aa sana. Vitaharibu picha."

"Na kitambaa?"

"Hicho pia."

Akacheka. "Haya, wewe ndiye umesoma."

Nikamweka mbele ya kibanda cha mbuzi, nikampa blanketi kuukuu ajifunike, nikamwambia atazame chini kama anayetafuta sindano. Picha tisa nyingine zilikuwa za kweli, wanawake wakifunga magunia ya ngano. Hiyo ya kumi, uongo mtupu! Chini yake nikaandika: "Mjane wa Njoro, hana mume, hana nyumba, hajui atakula nini kesho."

Mjane! Na mumewe alikuwa nyuma ya nyumba anapaka trekta grisi!

Sikujua kwamba memsahibu, niliyempa picha anitumie, kwa wema wake angeipeleka picha hiyo kwenye gazeti ili watu wanichangie nauli. Ikatoka kubwa. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa wazee, mtoto mgongoni, nikaona akina mama wa kanisa wanakuja na mchungaji mbele yao. Wamebeba unga, wamebeba nguo kuukuu zimefungwa kwa kamba.

"Pole sana, Mama," mchungaji akasema. "Kwa nini hukutuambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Msiba. Kwamba mzee hayuko tena."

Baba mkwe akatokea kona ya nyumba, anajipangusa mikono kwa kitambaa. "Mzee yupi hayuko?"

Mama mmoja akaangusha unga.

"Niambieni basi," akasema mzee, "nimezikwa wapi, nikatembelee kaburi langu."

Wengine walicheka. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, akapewa gazeti walilokuja nalo. Hakuhitaji kusoma. Alijitazama muda mrefu, miguu mitupu, mbuzi nyuma yake. Kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya viatu."

Nikasema, "Mama, ni kwa ajili ya chuo tu..."

"Huyu mtoto utamlea mwenyewe," akasema. "Mimi ni maskini, sina nyumba. Nitamlaza wapi?"

Akaingia ndani. Na unga akaurudisha, wote, hata ule uliomwagika aliuzoa akamrudishia aliyeuleta.

Wiki mbili baadaye barua ikaja. Nimekubaliwa! Na wameandika kwamba ile picha ya mjane ndiyo iliwagusa. Niliisoma nikaisukuma chini ya godoro. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumtafuta mwanamke mwingine wa kukaa na mtoto, nikapanda meli, nani angejua? Mume wangu mwenyewe aliandika, "Yamepita, nenda."

Sikwenda. Nilirudi Njoro nikapiga magoti mbele ya Mama, nikaomba nimpige picha tena. Aliingia ndani. Lakini alitoka na viatu, akasimama karibu na trekta, mzee kando yake, akaitazama kamera kama anayemtazama mwizi. Nikaituma picha hiyo chuoni pamoja na barua: yule si mjane, mume huyu hapa, viatu hivi hapa, niliwadanganya.

Jibu lilikuwa mistari mitatu. Nafasi amepewa mwingine.

Sasa naambiwa mengi. Mjini wanasema, "Umeona? Mama mwenye mtoto anatafuta shahada ya nini? Mungu amemrudisha jikoni." Nyamazeni! Kosa langu ni uongo. Kutaka kusoma si kosa, na sitaomba msamaha kwa hilo hata kwa bunduki. Na wale waliosoma barua yangu kule Amerika, wao je? Mjane aliwagusa, mama mwenye viatu hakuwagusa. Waulizwe na wao!

Nilimpelekea Mama habari kwamba nimekataliwa. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Ile ya pili iliwafikia?"

"Iliwafikia."

"Viatu waliviona?"

"Waliviona, Mama."

Akachambua mengine kidogo. Kisha akanyoosha mikono. "Lete huyo mtoto. Umemfunga vibaya, mguu umekufa ganzi."

Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Wewe unayejifunza kazi hii, au unayemwinulia mtu kamera tu kwa kuwa unayo, nisikilize. Yale utakayoandika chini ya picha, msomee kwanza mwenyewe, akiwa amesimama mbele yako. Ukiona ulimi unakuwa mzito, shusha kamera. Usifanye kama mimi! Mtu akikutokea na viatu vyake vya kwanza, mpige picha na viatu vyake.

Mimi mwaka ujao natuma tena, chuo kingine. Picha kumi. Mama ameshaniambia atasimama wapi.