Nchi Isiyokuwemo Kwenye Orodha

Kwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja, Mwanahamisi Chikambo alitoka Mahurunga alfajiri, akapanda bodaboda, kisha gari, akafika Mtwara mjini miguu imemvimba. Ana miaka sabini na mitatu. Alichofuata hakikuwa chake. Bintiye wa mwisho, Nasra, amepangiwa kufundisha Kigoma, na asipopeleka namba ya kitambulisho cha taifa kabla ya Ijumaa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Namba hiyo haitoki kwa sababu kwenye kompyuta mama yake ameandikwa mtu wa Msumbiji.

Kosa lilifanyika mwaka jana, siku waandikishaji walipokuja kijijini. Waliuliza, "Kwenu wapi?" Mwanahamisi akajibu kama Wamakonde wa rika lake wanavyojibu: akataja kwao mama yake, Kionga, ng'ambo ya Ruvuma. Mtu ni wa ukoo wa mama. Alipozaliwa ni habari nyingine. Wakauliza tena, "Ulizaliwa nchi gani?" Akasema Tanganyika. Mwandikishaji akaishuka orodha ya nchi kutoka juu hadi chini, hakuiona. Akachagua Msumbiji, akamwita anayefuata.

"Mama, umerudi," alisema Felista, karani wa dirisha la marekebisho, mzaliwa wa Bukoba.

"Nimerudi, mwanangu. Ningekuwa na pengine pa kwenda ningekwenda."

"Fomu yenyewe fupi. Hapa tunaandika Tanzania, unakwenda kuapa mahakamani, basi."

"Niape kwamba nilizaliwa Tanzania?"

"Ndiyo, mama."

"Tanzania ni mdogo wangu. Nimemtangulia miaka kumi na miwili. Nitazaliwaje na mdogo wangu?"

Benchi zima likacheka. Aliyenuna ni Zuberi, mwenyekiti wa kitongoji chake, ambaye amemsindikiza safari zote nne kama shahidi.

"Shangazi, sema Tanzania twende nyumbani. Mimi hata chai sijanywa."

"Apa wewe, basi. Na moto wake uuchukue wewe."

Zuberi anaswali safu moja na mume wa Mwanahamisi, na anajua mwanamke huyu hajawahi kuapa hata kwa utani.

Felista akasogea karibu na kioo, akapunguza sauti. "Mama, neno lenyewe ndilo linaloleta shida. Huku mpakani, wanaosema Tanganyika ni wale waliokimbia vita vya Msumbiji. Na siku hizi wanasiasa nao wanalitumia kwa mambo yao. Mwenyeji wa kawaida akilitaja, anatiliwa shaka."

Mwanahamisi alivuta pumzi. Alikuwa amechoka, na alichotaka kueleza kilikuwa kirefu kuliko foleni.

Ni kweli wakimbizi walilisema. Walianza kuvuka mwaka uleule nchi ilipobadili jina, naye ana miaka kumi na miwili. Mama yake alimweka kando ya njia inayotoka mtoni, na sufuria ya uji wa muhogo. Waliofika, kabla ya kuomba hata maji, waliuliza, "Hapa Tanganyika?" Alifundishwa kujibu, "Ndiyo hapa. Keti." Kwa watu wale jina hilo halikuwa serikali. Lilikuwa upande wa mto ambao hawapigwi risasi. Jina rasmi lilikwisha badilika, lakini wageni waliendelea kuulizia lile la zamani miaka kumi, na wenyeji wakaendelea kuitikia.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawajibu," alimwambia Felista. "Sasa nimekuwa mmoja wao?"

Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa cheti cha darasa la nne, mwaka 1963, chenye jina lake na la shule ya kijijini, na juu yake maneno Jamhuri ya Tanganyika.

Felista alikiangalia muda mrefu. "Mama! Hiki mbona hukunionyesha siku zote hizi?"

"Mlikuwa mnaomba cha kuzaliwa. Hicho sina. Cha shule hamkuomba."

Zuberi alishika kichwa.

Felista akachukua fomu ya kiapo, akaandika kwa mkono wake, kisha akasoma kwa sauti: nilizaliwa Mahurunga, Tanganyika, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

"Hapo umesema," alisema Mwanahamisi.

Wakaenda mahakamani. Akaapa, akatia saini taratibu, herufi moja moja. Waliporudi dirishani ilikuwa saa nane.

"Kwenye kompyuta nachagua Tanzania," Felista alimtahadharisha. "Tanganyika haimo. Ila kiapo chako kinaingia kama kilivyo."

"Kompyuta haiapi, mwanangu. Iandike inavyotaka."

Namba ya Nasra ilitoka Alhamisi jioni. Alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja, akamwomba mama yake aje stendi Mtwara kumuaga Jumamosi.

"Njoo wewe uniage huku," alisema Mwanahamisi, miguu yote miwili imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Mimi mjini sirudi tena mwaka huu."