Miaka Yangu ya Kulazwa Bila Kuumwa

Nianze na ujinga wenyewe, msije mkausikia kwa wengine: siku ya kwanza kazini nilikufa.

Dada yangu Zuhura alikuwa amerudi Newala kwa likizo yake ya kwanza ya chuo kikuu. Alikuwa anasomea uuguzi na alitaka mwili wa kufanyia mazoezi. Akanilaza sebuleni, akanishika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo ya moyo. Nikaona kulala tu hakunogi. Nikabana pumzi, nikageuza macho, nikautoa ulimi nje. Zuhura akapiga yowe. Mama Saidi wa nyumba ya pili akaja mbio na unga mikononi, akaangua kilio cha msiba kabisa, na majirani wakakipokea kilio barabarani. Nilipofufuka niombe radhi, nusu yao walitimua mbio.

Nawaandikia wadogo zangu, hasa nyie ambao dada zenu wanapenda kozi za afya. Kazi ya mgonjwa wa mazoezi haina mshahara wala shukrani. Siku hizi Zuhura na rafiki yake Anjela wamehitimu, na kila mgeni akikanyaga kwetu wanaanza: "Chuo bwana, tulisota!" Walisota wapi? Aliyekuwa akigeuzwa kama chapati ni nani? Nilianza kazi darasa la sita, sasa niko kidato cha tatu, mstaafu, na hata soda sijapewa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa nyumbani, chini ya Zuhura, ambaye nilimwita Mkuu wa Wodi. Mgonjwa asiyejiweza lazima ageuzwe mara kwa mara, la sivyo anapata vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokana na kulalia upande mmoja. Jambo jema. Lakini mbona ni katikati ya mpira?

"Geuka."

"Subiri, wanapiga penalti!"

"Mgonjwa wangu hana fahamu. Hashabikii timu yoyote."

Kisha nikahamishiwa Masasi, kwa kina Anjela. Yeye alisomea fiziotherapia, elimu ya kurudisha mwendo wa viungo, na tangu hapo nikamwita Mkuu wa Magoti. Alikuwa na kipimo cha plastiki cha kupimia goti linakunjika kiasi gani. Langu alilikunja mpaka nikawakumbuka marehemu wote wa ukoo.

"Panauma wapi?"

"Pote."

"Pote si jibu la kitabibu."

"Basi andika panauma kuanzia hapa Masasi mpaka kwetu Newala!"

Mama yake, mwalimu wa kwaya kanisani, alichungulia dirishani akasema, "Anjela, mtoto wa watu mrudishe na magoti yake yote."

Haya yote ningeyasamehe. Balaa lilikuja mwaka wa tatu, Zuhura alipofeli mtihani wa vitendo: kumwogesha kitandani mgonjwa asiyejiweza. Akifeli na wa marudio, anadisko, yaani chuo kinammwaga yeye na begi lake.

Na alifelije? Mgonjwa wa mtihani alikuwa mzee mmoja aliyeombwa ajifanye kazimia. Zuhura akapiga goti. "Shikamoo, baba." Kimya. Akasubiri. Msimamizi akamuuliza, "Sista, unangoja nini?" Akajibu, "Hajaitikia." Alipoamriwa aendelee, akageuza uso dirishani kwa heshima, akapaka sabuni mto.

Jamani! Mimi alinisugua kama sufuria, bila haya. Shida yake ilikuwa wazee. Baba alipoombwa ajitolee, ghafla akakumbuka ana safari ya Mtwara. Basi nikarudishwa kitandani mimi, nisiye na hata ndevu.

Siku hiyo ndipo akaingia Mjomba, kaka mkubwa wa mama, anayeishi peke yake Chilangala na mikorosho yake. Kwetu mjomba akikohoa, nyumba nzima inakaa sawa. Akanikuta chini ya shuka, Zuhura ananiosha mguu.

"Nini hiki? Huyu katoka jandoni, mnamlaza kama kichanga?"

"Mimi nalazimishwa, Mjomba," nikamchoma dada bila huruma.

Zuhura akajaribu kueleza: mzee, dirisha, mto, kudisko. Alipofika kwenye kudisko akalia, machozi yakidondokea kwenye beseni. Mjomba akavua kofia, akaitundika kwenye kiti.

"Wewe, toka hapo."

Nikatoka. Akavua shati, akalala, akajifunika shuka mpaka shingoni.

"Mjomba, vipi tena?" Zuhura aliuliza.

"Mjomba hayupo. Aliyelala hapa kazimia, na aliyezimia hana mpwa."

Akafumba macho. Zuhura, kama kawaida, goti chini. "Shikamoo, Mjomba."

Niliiona midomo ya mzee inacheza. Huyu hajawahi kuacha shikamoo ya mtu ining'inie hewani, lakini hii aliimeza. Zuhura akangoja. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikanguruma kwa sauti nzito, "Marahaba!"

"Mgonjwa wa kitanda cha pili atachapwa," Mjomba akasema, macho bado kayafumba.

Zuhura akacheka huku analia, akakamua kitambaa, akamtazama mzee usoni moja kwa moja. Alimfunika vizuri, akafunua mkono mmoja tu, akauosha, akaukausha, akaufunika, ndipo akahamia wa pili. Ndivyo inavyotakiwa, mgonjwa asipate baridi wala aibu. Mtihani wa marudio baadaye aliufaulu hivyohivyo. Mimi nikawa nimestaafishwa palepale kitandani, bila hata mkono wa kwaheri, na sijui kwa nini iliniuma.

Siku hiyohiyo, Zuhura alikuwa ndiyo kwanza amemgeuza Mjomba ubavu, mama akaingia na kapu la sokoni. Akamwona kaka yake chini ya shuka, mgongo wazi, binti yake kashika sabuni. Mjomba akafumba macho kwa nguvu zaidi. Nikajisogeza mlangoni, tayari kukimbia. Mama akatua kapu taratibu.

"Sugua vizuri, Zuhura," akasema. "Mgongo huo haujaguswa na mtu tangu wifi afariki."