Mkaja Umekwenda kwa Mama Mdogo

Admin, naomba jina langu lisionekane, mji wenyewe huu mdogo. Nina miaka arobaini na moja, naishi Mpanda, mume wangu ni mtu wa Katumba, kwao wametoka Burundi. Nilipoolewa nilimkuta na binti mdogo ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, mama yake amefariki. Nimepalilia tumbaku nikiwa naye mgongoni.

Majirani wakaniita mama wa kambo. Nimeuliza sana hilo kambo asili yake nini, sijapata wa kunijibu. Mama mkwe alimfundisha mtoto aniite mukadata, Kirundi hicho, yaani mke wa baba yangu. Si tusi. Ila umama haumo humo. Mtoto akagoma, akaniita mama mpaka leo.

Mwezi uliopita wakwe wamekuja kumtolea mahari. Mshenga akafika kwenye zawadi ya mama wa binti, akauliza, "Mkaja wa mama anapokea nani?" Mimi huyo, naweka kanga vizuri. Baba mkubwa wa binti akasema, "Mama yake mdogo yupo." Yaani mdogo wa marehemu, katoka Karema asubuhi ile, hajawahi kumuuguza huyu mtoto hata siku moja!

Nikamvuta mume wangu pembeni. Akasema, "Mke wangu, mama mdogo ni mama. Wewe ni mlezi. Ndiyo mila, usiniaibishe." Binti alikuwa karibu, akasikia, akainamisha kichwa tu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Sikulia. Nilirudi jikoni kuangalia wali, wageni hawashibi mila.

Sasa juzi mama mdogo kanipigia. "Dada, siku ya sendofu nitasimama kama mama niseme maneno. Hebu niambie, alikuwa mtoto wa namna gani? Anapenda nini?" Jamani! Nikamwambia nina wageni, nitampigia.

Ningemwambia nini? Kwamba radi ikipiga alikuwa anaingia ndani ya gauni langu? Kwamba akila samaki wale migebuka anaanza na kichwa? Nikimpa hayo, nitakaa viti vya nyuma nikisikiliza malezi yangu kwenye mdomo wa mwingine. Nikimnyima, atasimama pale bila neno, na atakayeaibika mbele ya wakwe ni mwanangu.

Nimechoka, ndugu zangu. Hata hasira sina tena. Hapa ninapoandika simu inaita, ni yeye. Nyie mliolea watoto wa wenzenu, nishaurini: nipokee?