Dalali Aliyesoma Hadharani

Mulinge Nyamai aliishi kwa uso wake. Wengine pale Ikutha waliishi kwa ndengu, kwa cherehani au kwa bodaboda. Yeye, siku ya soko la mifugo ilipofika, alivaa uso wa mtu anayetoka mazishini, akasimama kando ya lango, na mwenye mbuzi akitokea tu, akamsalimia kwa sauti ya pole.

"Mama Kitheka, kweli umekuja na hawa leo? Ai, si ungewaacha wale majani."

"Kwa nini, Baba Kanini?" Mbula, mama yake Kitheka, aliuliza kila mara.

"Huko mjini nyama hailiwi. Watu wanakula sukuma. Lakini wewe ni mtu wangu, nitakusaidia."

Na msaada wenyewe ulikuwa kumnunua mbuzi kwa elfu tano. Kesho yake mbuzi huyo huyo alishushwa mjini Salama, kwenye bucha la Thuo, na hapo Mulinge alivaa uso wa pili, wa mtu aliyemnyang'anya chui kitoweo. "Thuo, ni ukame. Mbuzi hawaonekani. Hawa nimewapata kwa kupiga magoti." Thuo alinung'unika, akatoa elfu nane.

Kati ya tano na nane ndimo yalimotoka mabati ya nyumba ya Mulinge, karo ya Kanini chuoni, na nafasi yake kanisani, benchi la pili kutoka mbele. Ili mambo yaendelee hivyo, yalihitajika mawili tu: yeye ajue bei ya mjini kabla ya wauzaji, na Thuo asikutane kamwe na akina mama wa Ikutha.

Bei aliipata gazetini, kwenye hoteli ya chai. Gazeti lilikuwa na adabu zake. Ulilichukua mezani, ukasoma ukurasa wa bei, ukalikunja na kulirudisha, na hapakuwa na mtu wa kukuuliza unaitwa nani wala umesoma nini. Kisha mwenye hoteli akaacha kulinunua. Alisema siku hizi kila mtu anasoma kwenye simu, na wale wasiosoma wanamwaga chai juu yake bure. Mulinge hakuwa na la kufanya. Akapakua apu ya habari.

Alitarajia gazeti, akakuta askari wa geti. Kabla ya kuonyeshwa hata kichwa kimoja cha habari, apu ilitaka jina, tarehe ya kuzaliwa na picha yake. Ikauliza anapenda nini zaidi: siasa, michezo, mapenzi au mapishi. Mbuzi hawakuwemo. Akachagua mapishi, kwa kuona kwamba hapo walau wangepita.

"Nataka bei tu," alimlalamikia mkewe, Muthoki, aliyekuwa akichambua ndengu. "Hii inanihoji kama mkwe."

"Na wewe unaijibu?"

"Naijibu kama mgeni."

Maana yake aliidanganya. Mulinge hakuwahi kumpa mgeni jibu la kweli, na hakuona sababu ya kuanzia kwa simu. Akajiandika Daktari Muthama, akajipunguzia miaka, akaweka picha ya beberu. Cha kweli kilikuwa namba yake ya simu tu, kwa kuwa apu ilitaka kumtumia tarakimu za kufungulia. Mwishoni ikamwomba, kwa upole sana, imruhusu kuangalia namba alizohifadhi ili imtafutie marafiki. Mulinge alikuwa amelelewa vizuri. Mtu akikuomba kwa upole namna hiyo, humkatalii. Akabonyeza Kubali.

Namba alizohifadhi zilikuwa za kila mwenye mbuzi kutoka Ikutha hadi mtoni, na ya Thuo.

Soko lililofuata alifika akiwa amejiandaa. Bei ya mjini ilikuwa imepanda, kwa hiyo uso wake ulikuwa wa huzuni kupita kawaida.

"Mama Kitheka, leo hata nakuonea huruma," alianza.

Mbula hakulegeza kamba. "Nionee. Lakini kwanza niambie, kile ulichosoma asubuhi kilisema nini?"

"Nilichosoma wapi?"

Mbula akatoa simu kwenye leso. Kumbe apu ile ilikuwa imeingia Ikutha zamani. Watu waliiweka kwa ajili ya matangazo ya vifo. Akamwonyesha kioo cha simu, nacho kilisema: *Rafiki yako Kilio cha Mbuzi amesoma: Bei ya mbuzi yapanda mijini. Amesoma mara tatu.*

"Huyu Kilio cha Mbuzi ni nani?" Mulinge aliuliza.

"Ni wewe. Ndivyo nilivyokuandika kwa simu yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu umnunue yule mbuzi wangu wa kwanza."

Akina mama wengine walishasogea. "Kwangu ameandikwa Mulinge Matanga," mmoja akasema. "Kwangu ni Uso Mrefu," akasema wa pili, akimwonyesha jirani yake, na wakashikana mabega kwa kicheko. Udaktari wote aliojipa haukufaa kitu. Apu ilimwita kila mahali kwa jina alilopewa na mwenye simu. Siku hiyo alinunua kwa elfu saba na nusu, na nauli ya lori ikala kilichobaki.

Usiku Thuo akampigia. "Mzee wangu, kwa nane siongezi hata shilingi. Wiki ijayo nataka mbuzi kumi na tano kama kawaida. Ukishindwa niambie mapema, nitafute mtu mwingine."

Mulinge aliona Salama ikimponyoka. Kama watu wanaona ninachosoma, alifikiri, basi nitasoma wanachostahili kuona. Siku mbili nzima alisoma misiba ya mifugo. Alisoma habari za machinjio yaliyofungwa na za watu walioacha nyama kwa ushauri wa daktari. Alipoikuta habari ya homa ya mapafu ya mbuzi, akaibonyezea kile kimoyo chekundu ili isambae vizuri.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Thuo. "Mulinge, naona hapa umependa homa ya mapafu."

"Hapana, Thuo, sikupenda hivyo unavyofikiria."

"Kuna moyo hapa. Mwekundu. Usiniletee hao mbuzi unaowapendea."

Hapo ndipo Mulinge alipoamua kwamba utoto umetosha na jambo hili lifikishwe ofisini. Chini ya habari za bei aliona kisanduku kilichosema *Tuambie maoni yako*, akajua amepata dirisha la malalamiko. Alikaa wima, akaandika kama walivyofundishwa sekondari, bila kuficha lolote, kwa kuwa ofisi ukiificha haiwezi kukusaidia:

*Kwa Mhariri. Kuh: Kuanikwa kwa wasomaji. Mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi, Ikutha. Nanunua kwa elfu tano na kuuza Salama kwa elfu nane, na kazi hii haiwezekani wauzaji wakijua ninachosoma. Naomba mnifiche. Wako mtiifu, Mulinge Nyamai.*

Akatuma, akaoga, akaenda kulala na moyo mweupe.

Aliamshwa na kicheko cha Muthoki, aliyekaa ukingoni mwa kitanda na simu yake mwenyewe. "Baba Kanini, ofisi imejibu."

"Imesema nini?"

"Hapa chini ya barua yako Mbula ameandika: 'Kumbe nane?' Na chini ya Mbula, Thuo ameandika: 'Kumbe tano?'" Akajipangusa macho. "Halafu Thuo anauliza, 'Mama, kwenu ni wapi?' Naye Mbula anamwelekeza. Nyuma ya josho, mlango wa bluu."

Pikapu ya Thuo ilifika Ikutha siku ya soko kabla jua halijawa kali. Mulinge aliiona ikipita lango la soko bila kusimama. Akabaki pale na uso asioujua ni wa namna gani. Baadaye simu ikalia, na alikuwa Mbula. "Baba Kanini, njoo. Huyu mtu wako ni mgumu."

Alikuta wamekwama. Thuo alikuwa amesema sita, Mbula amesema saba na nusu, kila mmoja ameangalia upande wake, na mbuzi wamelala katikati kwa kuchoka.

"Sema bei, mzee," Thuo akasema. "Wewe unazijua zote mbili."

Kwa mazoea Mulinge alimshika Thuo mkono ili wasogee nyuma ya banda wanong'one, kisha arudi kumnong'oneza Mbula. Thuo hakutoka alipokuwa.

"Semea hapa hapa."

Ilikuwa kama kuambiwa avue shati mbele ya kanisa. Mulinge aliwatazama mbuzi, akamtazama Mbula, akamtazama Thuo, akatafuta uso wa kuvaa, asiupate. "Saba," akasema.

Thuo akafungua mlango wa pikapu. Mbula akaanza kufungua kamba. Kila mmoja akampa Mulinge mia kwa kila mbuzi, mbele ya mwenzake, naye akazipokea kwa mikono miwili kama kibarua.

"Wiki ijayo nitakuja tena," Thuo alisema akiwasha gari.

"Na mimi je?" Mulinge akauliza.

"Wewe uje. Lakini simu uiache nyumbani. Wenye bucha wengine wanne waliosoma barua yako wameniuliza huu mlango wa bluu uko wapi."