Malkia wa Erasmus

Minza alitoka Kasoli akiwa na miaka kumi na tisa, akaolewa na Erasmus, bwana afya aliyehamishiwa Bariadi kutoka Ngara. Miaka thelathini mumewe hakumwita jina, ilikuwa "wewe" tu. Jina zuri alimpa mbwa mdogo mweupe aliyemnunua Mwanza: Malkia. Malkia alikula maini, Minza akala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Maini yakichelewa kuiva, Minza alichapwa mkanda.

Kisha kiharusi kikamlaza Erasmus. Ulimi ukakwama, upande wa kulia ukafa, yakabaki macho. Mwaka huohuo Malkia, ambaye sasa alikuwa kikongwe wa miaka kumi na mitatu, akaanza mambo mapya. Misuli ya mapaja ilimcheza akiwa amelala. Mlango ukibamizwa aliruka juu, akaanguka ubavu, miguu ikakakamaa na kutetemeka, halafu akainuka akiyumba.

Minza akamwita Paschal, bwana mifugo.

"Mwadila, mayu," Paschal alimsalimu kwa Kisukuma. Akampapasa mbwa mgongo, kisha akapiga makofi mara moja. Malkia akaanguka.

"Uzee huu. Mishipa ya fahamu imechoka," alisema. "Dawa ya kumtuliza hapa sina. Cha msingi asishtuliwe. Kila akishtuka anaumia."

"Nimeelewa, baba."

Alielewa vizuri. Kesho yake, baada ya kumwogesha mumewe na kumbadilishia shuka, alifunga mlango, akamweka Malkia mbele ya kitanda, akaachia mfuniko wa sufuria kwenye saruji. Mbwa akaruka, akaanguka, akatapatapa. Machozi yakamtoka Erasmus, yakateremkia sikioni. Minza hakuyafuta.

"Mtazame malkia wako," alisema.

Ikawa kazi ya kila mchana. Felisita, mwenzake wa jumuiya ya kanisani, alipokuja kuwajulia hali alikuta nyumba imefagiliwa na mgonjwa ananukia sabuni.

"Mwingine angeshakimbia," alisema. "Mungu anakuona, Minza."

"Ananiona," Minza alijibu.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo Malkia alianguka, asiinuke. Minza akangoja. Akamsukuma kwa kidole cha mguu, kisha akapiga magoti, akamtikisa kwa mikono miwili. Kifua kilikuwa kimenyamaza. Kutoka kitandani Erasmus akatoa mlio mmoja mrefu, wa kwanza tangu augue.

Tangu siku hiyo akafumba mdomo. Minza alileta uji, akausogeza, akaona meno yamebanwa, akaurudisha jikoni. Hakumbembeleza. Siku ya tisa Erasmus akakata roho.

Ndugu wa Ngara walipokuja kuchukua maiti, Minza alilia mpaka akaishiwa nguvu, Felisita akamshika kiunoni. Wanawake wakanong'onezana kwamba mapenzi ya namna ile ni ya zamani. Yeye alichokuwa anakiona ni miguu minne myeupe ikipiga saruji. Yule mnyama hakuwahi hata kumbwekea.

Kwa mumewe hakutoa hata chozi moja.