Jumapili za Kumsikiliza Bibi

Enzi zetu Tukuyu, mvua haikuwa sababu ya kukaa ndani. Tungekaa ndani, tungetoka lini? Tulikalia magome ya migomba tukateleza mtelemko mzima hadi chini, tukapanda tena tukiwa matope mpaka kwenye nyusi. Nyumbani kipigo, na baada ya kipigo ndizi za maziwa. Watoto wa siku hizi likidondoka tone moja wanaomba bodaboda ya kwenda shule. Haya bwana.

Wa rika langu mnakumbuka soko huria lilivyotuingilia: mitumba, redio kaseti, kila mtu na kibanda chake. Baba aliacha kuuza maparachichi akafungua stationari, na humo akaingiza kompyuta yenye kisogo kirefu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Watu walitoka Kyimo na Mpuguso kuja kuchapiwa mitihani ya shule na kadi za harusi. Tulikula kwa hiyo kompyuta.

Kaka yangu mkubwa, Lusajo, ndiye aliyeijulia. Aliweka programu ya kurekodi sauti, na Bibi, mama yake Baba, alipopanda kutoka Masukulu kuja hospitali, akamkalisha mbele ya maikrofoni. "Mugonile," Bibi akaisalimia kompyuta kwa heshima zote, kisha akaiuliza kama imekula. Tulicheka mpaka machozi. Akaimba wimbo wa kubembelezea watoto, akamgombeza Baba kwa kukonda, akakohoa, basi. Kabla mwaka haujaisha tukamzika. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Tulikuwa na ile sauti.

Ndipo ikaja programu mpya ya kuchapia. Lusajo alipokuwa anaiweka, kompyuta ikasimama ikauliza: faili lenye jina hili lipo tayari, la zamani libaki au hili jipya lichukue nafasi yake? Sasa kwetu Unyakyusa mgeni hasimamishwi mlangoni. Mwenye nyumba ndiye anayenyanyuka kwenye kigoda. Baba hakufikiri mara mbili. "Mpishe mgeni, we mtoto!" Lusajo akampisha.

Kesho yake programu ya kuchapia inakwenda vizuri, ya sauti haifunguki. Kumbe zote mbili zilitegemea faili lenye jina hilo hilo, na kila moja inataka toleo lake. Lusajo akarudisha la zamani: Bibi akaongea, kuchapa kukagoma. Akajaribu kuyaweka mafaili yote mawili, kila moja mahali pake, lakini kompyuta ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuelekeza faili litafutwe wapi. Programu zote mbili zilisoma mstari huo huo, zikaenda kulichukua lile lile la kwanza. "Huyu ni mgeni gani," Baba akafoka, "anayemfukuza mama yangu?"

Basi ikawa hivi. Jumamosi jioni Lusajo anarudisha faili la zamani. Jumapili tukitoka kanisani tunapitia dukani, tunabanana kwenye benchi na nguo zetu nzuri, tunamsikiliza Bibi. Baba anainama tu, anavuta kamasi na kusingizia baridi. Jumatatu linaingia faili jipya, walimu wanakuja na mitihani yao. Jamani, nilizipenda Jumapili zile kuliko Krismasi.

Hazikudumu. Ondoa, rudisha, ondoa, rudisha, mashine ikaanza kuganda. Lusajo akasema, "Baba, tukiendelea hivi tutakosa vyote. Chagua moja." Baba akapangusa meza iliyokuwa safi. Sote tulikuwa tunasoma, na sare zetu za shule zilitoka kwenye kuchapa. "Ibaki ya kuchapia," akasema mwishowe. "Mama mwenyewe angesema watoto washibe kwanza." Akatoka nje mvuani bila mwavuli, na hakuna aliyemfuata. Sauti ikabaki mle ndani haifunguki, mpaka siku radi ilipoipiga mashine ikaunguza kila kitu.

Siku hizi simu ya binti yangu ina programu hata hazihesabiki, kila moja imekuja na mafaili yake, hakuna inayomwondoa mwenzake. Bibi angekaa humo raha mustarehe. Naona wivu, sifichi. Binti ananirekodi kila ninapofungua mdomo, na ukimuuliza mama yako alisema nini juzi, hajui; atasikiliza siku moja, anasema. Sisi tuliomsikia Bibi Jumapili tu tulishika kila neno, hadi pale anapokohoa. Nikiwa peke yangu jikoni huwa namrudia, mwanzo mpaka mwisho. Maneno yote yapo. Sauti inayotoka ni yangu.